Gitaa moja, muntu mumoja: mambo ya mikro toka Jadotville mpaka Newport

Bandugu, tukisema historia ya muziki wa Kongo, tunakimbilia orkestra: African Jazz, OK Jazz. Lakini huku Katanga kulikuwa pia muntu mumoja na gitaa yake, basi. Mu 1952, pale Jadotville (Likasi ya leo), Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean-Bosco, na ndipo « Masanga » ilianza kutembea dunia.

Kinachonivuta mimi ni mikro. Tracey alizoea kuishika kwa mukono na kuisogeza kufuata sauti aliyotaka itokee mbele. Aliweza kukaribia sana, juu hapakukuwa bafle. Kwenye jukwaa mambo inageuka: mikro inasikia gitaa, bafle inatoa kwa nguvu, mikro inasikia tena ile ya bafle, inazunguka vile mpaka sono inapiga filimbi. Na gitaa ni sanduku la hewa. Karibu na 100 Hz linanguruma lenyewe.

Mwenda alipiga Newport Folk Festival, Marekani, mu 1969. Fikirini kazi ya fundi mbele ya mupigaji kama yule: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembeza melodi, mudomo unaimba. Mikro ikielekezwa kwenye tundu, besi inameza vyote. Ikielekezwa pale shingo inakutana na mwili, sentimita 20 ao 30 hivi, vidole vyote viwili vinasikika. Ile ya kardioide inasikia mbele, nyuma ni kama kiziwi. Kwa hiyo bafle ya mwanamuziki kujisikia inawekwa nyuma yake.

Siku hizi mafundi wengi hawataki taabu hiyo. Wanachomeka kamba kwenye gitaa, kifaa chini ya nyuzi kinafanya kazi, filimbi inapungua. Kwa bar yenye kelele na ngoma, sikatai kabisa. Lakini kamba inatoa nyuzi zaidi kuliko mbao, na ule mushindo wa gumba unakuwa mukavu, kama plastiki. Vijana wetu wanaojifunza mupigo wa Katanga kwa sauti hiyo wanadhani ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye sala ya batu mia moja, mimi ningeweka mikro mbili, moja ya mudomo, moja ya gitaa, na kuomba batu wanyamaze kidogo. Wenye kukaa kwenye sono Lubumbashi ao Bukavu, ninyi munaiweka wapi?