Nasaha ya Mchumi: Arthur Lewis na Ghana

Watawala wa kale walikuwa na kadhi wa kuwafasiria sheria na mnajimu wa kuwaagulia nyota; lakini dola za Afrika zilizokuwa zikijitwalia uhuru katikati ya karne ya 20 zilimhitaji mshauri wa namna nyingine, mwanachuoni wa uchumi, awezaye kumwonyesha mtawala mali ya nchi inakotoka na inakopotelea. Miongoni mwa waliotangulia katika amali hiyo alikuwa William Arthur Lewis, mwana wa walimu wawili, aliyezaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Saint Lucia, Bahari ya Karibi.

Alimaliza shule akiwa na miaka 14, akawa karani wa serikali huku akingoja umri wa kufanya mtihani wa kwenda Uingereza. Shauku yake ilikuwa uhandisi, ila alijua kwamba serikali ya kikoloni na wenye mashamba ya miwa hawatamwajiri mhandisi mweusi. Basi mwaka 1933 akaenda London kusomea biashara, na huko ndiko alikokutana na elimu ya uchumi. Mwaka 1948, naye ana miaka 33, alikuwa profesa Manchester.

Makala aliyoitoa mwaka 1954 ndiyo iliyomweka katika safu ya wakuu wa taaluma hiyo. Alieleza kwamba katika nchi maskini mikono iliyoko mashambani ni mingi kupita kazi, hata wengi wakiondoka mavuno hayapungui. Viwanda huwapata kwa ujira ule ule mdogo, na faida ikitumiwa kujenga viwanda vingine kazi huongezeka, mpaka mikono ya ziada itakapokwisha, ndipo ujira nao uanze kupanda.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya Gold Coast, jina la Ghana chini ya ukoloni, ilipomtaka shauri juu ya viwanda, aliwaambia waanze na mkulima wa chakula, madhali mkulima asiye na ziada hawezi kuwalisha wafanyakazi wa mjini wala kununua bidhaa zao. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 akawa mshauri wa mtawala wake, Kwame Nkrumah. Lakini mtawala alitamani miradi mikubwa ya kuitukuza dola changa, ilhali mshauri alikuwa akihesabu gharama zake, na hitilafu hiyo ilipokosa suluhu, Lewis akaondoka mwishoni mwa 1958. Bei ya kakao, nguzo ya hazina ya Ghana, ilipoporomoka mwaka 1965, nchi ilikuwa imekwisha kulemewa na madeni.

Lewis alirudi kwenye ualimu, akaongoza Chuo Kikuu cha West Indies, kisha akafundisha Princeton, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Theodore Schultz. Alifariki mwaka 1991, akazikwa Saint Lucia katika viwanja vya chuo chenye jina lake. Nasaha ni amana: mwenye elimu akiitoa kamili ametimiza wajibu wake, na mtawala akiipuuza, wanaolipa ni raia.