Setilaiti Ndogo za Jirani Zetu: Sauti Isiyo na Siri

Tarehe 11 Mei, 2018, kisanduku chenye sentimita 10 kila upande kilisukumwa nje ya Kibo, maabara ya Japani iliyomo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikaanza kuizunguka dunia peke yake. Kisanduku hicho kiliitwa 1KUNS-PF. Kilikuwa setilaiti ya kwanza ya nchi jirani ya Kenya, nacho kilitengenezwa na wanachuo na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Kwa muda wa miaka miwili, mpaka kilipoteketea mwezi Juni, 2020, kilipita juu ya mipaka yetu mara nyingi bila kupiga hodi wala kuonyesha pasipoti.

Kwa askari aliyekabidhiwa dhamana ya kuilinda mipaka hiyo, ni haki kuuliza: je, chombo cha jirani kinachopita juu ya vichwa vyetu kikitoa sauti ni jambo la kutiliwa shaka? Na kijana aliyesimama juu ya paa, ameshika antena na kuielekeza mbinguni, je, ni mpelelezi? Maswali haya si mageni, na historia inayo majibu yake.

Hapana budi kwanza tuwafahamu wanaredio wa ridhaa. Hawa ni watu wanaopewa leseni ya kurusha na kupokea mawimbi ya redio kwa ajili ya kujifunza, bila malipo na bila biashara. Tarehe 12 Desemba, 1961, siku tatu tu baada ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa, wanaredio wa aina hiyo wa California, Marekani, walipata nafasi ya kupakia chombo chao katika roketi ya jeshi la anga. Chombo hicho, OSCAR 1, kilikuwa na uzito wa kilo 4 na nusu, na kilijua neno moja tu: salamu ya herufi mbili katika alama za Morse. Kiliita kwa siku 22, na watu zaidi ya 500 katika nchi 28 waliisikia salamu hiyo wakatuma taarifa zao.

Lakini sikio linalosikia salamu husikia na siri. Katika mji mdogo wa Kettering, Uingereza, mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry na wanafunzi wake walikuwa wakizisikiliza setilaiti za Urusi ya Kisoviet kwa redio ya kawaida ya kupokelea. Walitumia saa, karatasi na jambo moja ambalo kila polisi analijua. King'ora cha gari linalokujia husikika kwa sauti nyembamba, na likishakupita sauti huwa nene. Mawimbi ya setilaiti nayo hubadilika vivyo hivyo, na kwa kuyapima mtu aweza kujua chombo kimepita lini na kinaelekea wapi. Mwaka 1966 waliona kwamba chombo kiitwacho Kosmos 112 hakikufuata njia ya vile vilivyorushwa kutoka Baikonur. Walipolinganisha njia yake na njia za vingine, wakatambua kwamba kulikuwa na kituo kipya cha kurushia roketi mahali paitwapo Plesetsk, kaskazini mwa Urusi. Wakubwa wa Moscow hawakukiri kuwapo kwa kituo hicho mpaka mwaka 1983. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini siri ya Plesetsk iliwafikia watoto wa shule ambao hawakupata hata kuuona mtungi wenyewe.

Wakati huohuo vijana wengine hawakutosheka na kusikiliza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walijenga setilaiti yao, Australis-OSCAR 5, iliyorushwa tarehe 23 Januari, 1970. Antena zake zilikatwa kutoka katika futi ya chuma ya kupimia, kama ile ya fundi seremala. Ndipo mwaka 1999 walimu wawili wa vyuo vikuu vya California, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, walipoweka kipimo kimoja kwa wote: kisanduku cha sentimita 10 kila upande, chenye uzito wa kilo moja hivi. Visanduku vya kwanza vya kipimo hicho, vikiwamo vya wanachuo wa Japani na Denmark, vilirushwa tarehe 30 Juni, 2003. Vilirushwa kutoka wapi? Kutoka Plesetsk ileile.

Turudi sasa kwa jirani zetu. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia waliweka jukwaa la San Marco baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 wakarusha kutoka hapo setilaiti 9. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba, 1970, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, bali chombo kilikuwa cha Wamarekani na roketi ilirushwa na Waitalia. Chuo cha Sapienza, kilichohusika na jukwaa lile, ndicho kilichokuja kufanya kazi pamoja na Nairobi miaka 48 baadaye. Safari hii chombo chenyewe kilikuwa cha Kenya.

Uganda nayo haikukaa nyuma. Wahandisi wake watatu walipelekwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakasoma huku wakijenga. Setilaiti yao, PearlAfricaSat-1, iliachiwa angani tarehe 2 Desemba, 2022, pamoja na ile ya Zimbabwe, na vyombo hivyo vilibeba kifaa cha kurudisha duniani ujumbe mfupi wa wanaredio wa ridhaa. Rwanda ilikuwa imekwisha kupata setilaiti yake mwaka 2019 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo.

Ndugu askari, katika historia hii yamo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba setilaiti hizi za wanafunzi si jicho la adui. Kwa Mkataba wa mwaka 1967 anga za juu si mali ya taifa lolote. Tena, kanuni za kimataifa zinakataza wanaredio wa ridhaa kuzungumza kwa mafumbo kutoka nchi moja hadi nyingine. Yanayoruhusiwa kufichwa ni maagizo ya kuongozea setilaiti tu. Kila kituo hujitaja kwa alama yake: 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda, 9X ni Rwanda. Kwa hiyo askari akimkuta kijana na antena, swali la kwanza na liwe moja: leseni yako iko wapi? Akiwa nayo, na aachwe asikilize, kwani setilaiti hukaa juu ya upeo wa macho kwa dakika 10 tu au pungufu, na kijana akiipoteza nafasi hiyo kwa kuhojiwa kituoni amepotezewa kazi ya siku nzima.

Funzo la pili latuhusu sisi wenyewe. Ikiwa watoto wa shule waliweza kuitambua Plesetsk kwa redio moja na kalamu, basi anayezungumza ovyo katika redio ya doria asidhani kwamba anasikiwa na kamanda wake peke yake. Hewa haina ukuta. Jirani anayetuma habari zake kwa uwazi hana haja ya kuogopwa; wa kuogopwa ni ulimi wetu wenyewe usio na nidhamu.