Gari la zamani likigoma kuwaka, kagua platini kwanza

WAMILIKI wa magari ya zamani wa Kinyerezi na vitongoji vingine vya Dar es Salaam wanaweza kuepuka gharama zisizo za lazima iwapo watakagua platini kabla ya kununua koili au plagi mpya.

Platini hukaa ndani ya distribyuta, zikifunga na kukata umeme wa koili. Kila zinapoachana, plagi hutoa cheche. Mfumo huo ulitumika katika Volkswagen Beetle, Land Rover za kale na Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Gari likiegeshwa muda mrefu katika unyevunyevu wa pwani, nyuso za platini hushika kutu nyembamba na kuzuia umeme. Husuguliwa kwa msasa laini, kisha hufutwa vumbi lote.

Hatua inayofuata ni kupima nafasi kwa fila geji, platini zikiwa zimeachana kabisa. Kwa Beetle ni milimita 0.4. Kisigino cha platini kikilika, nafasi hupungua, cheche huchelewa, gari hukosa nguvu na kuchemsha. Nafasi ikirekebishwa, taimingi nayo ipimwe upya.

Platini mpya zikiungua mapema, kondensa ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Aidha, swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa, kwani koili inaweza kuungua.