Herufi za Kirksville: Mvutano juu ya Shahada ya Madaktari wa Osteopathia

Nchini Marekani ziko shahada mbili zinazompa mhitimu haki kamili ya kutibu, kupasua na kuandika dawa: MD, ambayo ndiyo shahada ya udaktari inayotolewa pia katika chuo cha Muhimbili, Tanzania, na DO, ambayo ni ya madaktari wa osteopathia, yaani mkondo wa tiba uliojengwa juu ya imani kwamba hali ya mifupa, misuli na mzunguko wa damu hugusa afya ya mwili mzima, na kwamba mikono ya daktari yenyewe yaweza kuwa chombo cha kuponya. Wenye DO wamebishana kwa miongo mingi kama herufi hizo zidumu, zigeuzwe au ziachwe kabisa, na historia inaonyesha kwamba kilichogombaniwa kilikuwa kikubwa kuliko herufi zenyewe, kwani aliyekuwa na mamlaka ya kutoa jina ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya vyuo, mitihani na leseni.

Mwanzilishi wa mkondo huu, Andrew Taylor Still, alikuwa tabibu wa Kansas na Missouri ambaye mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Msiba huo ulimwondolea imani katika tiba za zama zake, zilizotegemea mno afyuni, pombe kali na kalomeli, dawa ya zebaki iliyoweza kuwang'oa wagonjwa meno. Mwaka 1874 alianza kuitangaza osteopathia, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, Missouri. Hati ya chuo hicho ilimruhusu kutoa MD, naye akaiacha kwa makusudi na kuchagua DO, kwa sababu machoni pake MD ilikuwa alama ya dawa alizokwisha kuzikana.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa wakati wake, lakini mafunzo hayakubaki pale Still alipoyaacha. Upasuaji na ukunga vilifundishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 somo la dawa nalo likaruhusiwa rasmi, hata kazi ya mwenye DO ikazidi kufanana na ya mwenye MD ilhali jina lake likiendelea kutangaza tofauti. Sheria zilikwenda kwa mwendo wa kusuasua: Vermont iliwatambua mwaka 1896, lakini Mississippi haikuwapa haki kamili hadi mwaka 1973. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwahesabu kuwa wafuasi wa madhehebu potofu, kikaona ni kinyume cha maadili kwa mwanachama wake kushirikiana nao. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi halikuwapokea kama maofisa tabibu, wakabaki nyumbani wakihudumia familia ambazo madaktari wao walikwenda vitani, na wengi wa wagonjwa hao hawakuwaacha vita vilipokwisha.

Ni katika jimbo la California ambako ugomvi wa jina ulifikishwa mwisho wake, na kisa hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa osteopathia cha jimbo hilo, ambacho kilikuwa kimekwisha kufutiwa uanachama na chama chao cha kitaifa kwa sababu ya mazungumzo yake na chama cha wenye MD, kilikubali kuungana nacho. Chuo cha osteopathia cha Los Angeles kikageuzwa kuwa chuo cha kawaida cha udaktari, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Mwaka 1962 madaktari wapatao 2,000 walilipa dola 65 kila mmoja, wakapokea MD, wakaahidi kutotumia tena DO. Mwaka huohuo wapiga kura waliidhinisha sheria iliyozuia leseni mpya za DO. Hakuna aliyedaiwa kusoma udaktari upya. Majimbo mengine mengi hayakuitambua shahada hiyo ya MD, kwa hiyo waliobadilisha jina walipata heshima iliyokomea mpakani, huku wakiwa wametoa chuo, hospitali na kizazi kizima cha warithi wao. Lakini wepesi huohuo wa kubadilishana ndio uliowaponza wapinzani wa osteopathia, kwani kama dola 65 zilitosha, basi elimu zilikuwa sawa tangu awali. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba katazo hilo halikuwa na msingi wa busara, na leseni zikarudi.

Wakati huo milango mingine ilikuwa imefunguka: jeshi liliwakubali mwaka 1966, na Chama cha Madaktari mwaka 1969. Hapo hoja ya kubadili jina ikapata sura mpya, na inastahili kusikilizwa kwa uzito, kwa kuwa Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya mtaalamu wa osteopathia hufanya tiba ya mikono tu bila kuwa daktari, na Mmarekani mwenye DO hulazimika kujieleza kila anapovuka bahari. Wapo waliopendekeza MDO, wapo waliotaka MD na DO kwa pamoja. Kilichokubaliwa ni kidogo zaidi: shahada ikaitwa ya tiba ya osteopathia badala ya osteopathia tupu, na herufi zikabaki zilezile.

Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya makundi yote mawili yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wanasomea DO. Hata hivyo, vyuo vyenyewe bado vina ithibati tofauti, na leseni hutolewa kwa sheria za jimbo mojamoja zinazoitaja kila shahada kwa jina lake. Chuo cha osteopathia kinachotaka kutoa MD kingelazimika kuomba ithibati kwa chombo cha upande wa pili, na wanaokumbuka yaliyotokea Los Angeles wana sababu nzito ya kusita.