Hima na Mamlaka ya Kuwinda: Kutoka Rabadha Hadi Rufiji

Asili ya mnyama wa porini katika sheria ya Kiislamu ni mubaha. Hana mwenyewe mpaka ashikwe, na akishikwa ni wa aliyemshika. Suratul Maida, aya 94 hadi 96, imeweka mipaka kwa aliye katika ihramu, na Sunna imekataza mawindo ndani ya Haram ya Makka na ya Madina. Nje ya hapo linabaki swali la utawala: nani mwenye haki ya kumzuia mtu asiwinde katika ardhi ya babu zake?

Mafaqihi wana mlango unaokaribiana na suala hili, nao ni mlango wa hima, ingawa asili yake ni malisho, si mawindo. Zama za Jahiliyya, anaeleza Imam Shafii, mkubwa wa kabila alipanda mahali pa juu akambwekesha mbwa wake, na sauti ilipoishia ndipo palipokuwa mpaka wa malisho yake peke yake. Mtume (s.a.w.) aliifuta desturi hiyo, akabainisha kuwa hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake tu. Aliyeipokea hadithi hiyo ni As-Sa'b bin Jaththama (r.a.), yule yule aliyemletea Mtume zawadi ya punda-mwitu akarudishiwa, kwa kuwa Mtume alikuwa katika ihramu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoitenga Rabadha kwa ngamia wa dola, alimwagiza msimamizi wake Hunayy awaruhusu wenye vijikundi vidogo vya ngamia na kondoo, na awe na hadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao wakipoteza mifugo wana mitende na mashamba. Fukara akipoteza atakuja na watoto wake kulia kwa Khalifa. Tena Umar alikiri kwamba wenyeji wanaona wamedhulumiwa, na kwamba nchi ile ni yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake. Mtawala aliyetenga ardhi ndiye huyo huyo anayetaja haki ya wenyeji! Ndiyo maana Al-Mawardi anaandika kwamba haijuzu kutenga hima kwa ajili ya matajiri na kuwaacha mafukara.

Kwa mizani hiyo tuitazame nchi yetu. Kabla ya ukoloni, katika sehemu nyingi za bara, tembo akiuawa jino lililogusa ardhi lilikuwa la mwenye nchi, na jingine la mwindaji. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudai leseni kwa wawindaji na kutenga hifadhi, mojawapo Rufiji. Mwenye nchi hakuulizwa. Wakulima wa Umatumbi na Ungindo, waliokuwa wakilinda mtama wao dhidi ya nguruwe na tembo, walijikuta chini ya sheria ya mbali, na wapo wanahistoria wanaolihesabu hilo miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905, pamoja na kodi na pamba ya kulazimishwa. Pori lile wenyeji waliliita Shamba la Bibi, wakisema Kaisari alimzawadia mkewe. Waingereza wakaliita Selous mwaka 1922, na miaka ya 1940 watu wa Liwale magharibi wakahamishwa. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno mdhamini ni zito, kwani ndani yake mna amana. Vijiji vimeruhusiwa kuunda jumuiya za hifadhi katika ardhi yao, lakini idadi ya wanyama wa kuwindwa hupangwa serikalini. Mgeni mwenye leseni hupiga nyati kihalali, na mwanakijiji aliyeliwa mahindi yake humngoja afisa wa wanyamapori. Katika hima ya Rabadha, yupi kati ya wawili hawa angefunguliwa mlango na Hunayy?