Clara Seekamp na Gazeti la Machimboni

Dhahabu ilipoonekana Ballarat, katika koloni la Victoria huko Australia, mwaka 1851, watu walimiminika kwenye ardhi ya Wawadawurrung kutoka Ireland, Uingereza, Marekani na kwingineko. Walilala katika mahema, na kila mchimbaji alidaiwa leseni, apate asipate. Askari waliwasaka mashimoni. Asiyekuwa nayo alitozwa faini au alitiwa ndani.

Machi 1854 Henry Seekamp, kijana wa Kiingereza, alitoa toleo la kwanza la Ballarat Times. Gazeti lilisimama na wachimbaji tangu mwanzo. Novemba, walipokusanyika Bakery Hill kuunda umoja wa kudai haki ya kura na kufutwa kwa leseni, Seekamp aliwaunga mkono kwa maneno makali, na mtambo wake ukachapa matangazo ya mikutano yao.

Madai yao yalipokataliwa, wachimbaji walijenga ngome pale Eureka, na alfajiri ya 3 Desemba askari na polisi waliivamia. Mapigano hayakufika nusu saa, lakini wachimbaji wasiopungua 22 walipoteza maisha. Kesho yake Seekamp alikamatwa kwa uchochezi.

Gazeti lingeweza kufa siku hiyo. Halikufa, kwa sababu Clara, mkewe, mwigizaji mzaliwa wa Ireland, alishika uhariri, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhariri gazeti Australia. Kwangu, huyu ndiye moyo wa historia hii. Mumewe anasubiri kesi, maiti wa Eureka wamezikwa majuzi tu, naye katika toleo la Mwaka Mpya 1855 anaandika bila kulegeza sauti kwamba nchi ile si mali ya Waingereza zaidi ya Waairishi, Waskoti au Wamarekani.

Wanaume 13 walishtakiwa kwa uhaini. Wote wakaachiwa huru. Katika kesi za Eureka, Henry Seekamp pekee ndiye aliyehukumiwa: miezi sita, akatumikia mitatu. Mwaka huohuo leseni ilifutwa, ikaja hati ya pauni moja kwa mwaka, iliyompa mchimbaji na kura.

Februari 1856 mcheza dansi Lola Montez alimchapa Seekamp mjeledi kwa kumkashifu gazetini. Kabla mwaka haujaisha gazeti likauzwa. Henry alifariki 1864 kwenye machimbo ya Queensland. Clara aliishi hadi 1908.