Moyo Mpya Kifuani mwa Gari la Kale

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana. Ya kwanza yasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya kwanza inatuonya. Ya pili inatucheka, maana inajua kwamba onyo lile hatutalisikia. Nimezikumbuka methali hizi kila nilipotafakari desturi iliyoenea huko Marekani, ya kuchukua gari la miaka ya 1960, kung'oa injini yake ya asili na kuweka mahali pake injini ndogo ya kisasa yenye turbo. Wako wanaoshangilia wakisema gari limefufuliwa. Wako wanaoomboleza wakisema limeuawa. Nami naona kwamba ndani ya ugomvi huo mna swali kubwa kuliko gari lenyewe: tunaposema tunahifadhi cha kale, ni kipi hasa tunachokihifadhi?

Magari yanayogombewa ni yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani magari ya ukubwa wa wastani, ya bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuimudu, lakini yenye injini kubwa kupita kiasi. Wengi huanza kuihesabu historia yao mwaka 1964, kwa Pontiac GTO. Kisa chake kinafaa kukumbukwa. Januari 1963 wakuu wa General Motors walizipiga marufuku kampuni zao kujihusisha na mashindano ya magari. Pontiac, iliyokuwa imejijengea jina kwa mashindano hayo, ikabaki bila ngoma ya kuchezea. Mhandisi wake mkuu, John DeLorean, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, wakatazama gari lao la wastani lililoitwa Tempest, wakaona kwamba injini ya lita 6.4 ya magari yao makubwa ingeingia humo bila taabu. Sheria ya kampuni haikuruhusu injini kubwa kiasi hicho katika gari la namna hiyo. Basi hawakuliita gari jipya. Waliiuza injini ile kama nyongeza ambayo mnunuzi angeweza kuiagiza. Walitarajia kuuza magari 5,000 hivi. Mwaka ule wa kwanza yakauzwa 32,450.

Tuzingatie jambo hili, msomaji. Gari la misuli lilizaliwa kwa kubadilishwa injini. Anayesema leo kwamba kuligusa gari hilo ni kufuru, hana budi kukumbuka kwamba asili yake yenyewe ni moyo wa gari moja uliotiwa katika kifua cha gari jingine.

Turbo nayo si mtoto wa jana. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Wazo lake ni la mtu asiyependa kupoteza kitu: moshi wa ekzosi unatoka kwenye injini ukiwa na nguvu, basi kwa nini uende bure? Moshi huo huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Mwaka 1918 Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege juu ya lori hadi kilele cha Pikes Peak, mita zipatazo 4,300 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na injini ya kawaida huishiwa pumzi. Kwa msaada wa turbo, injini ile haikupungukiwa na nguvu yake ya bondeni.

Sasa tuje kwenye kisa kinachonigusa kuliko vyote. Mwaka 1962, miaka miwili kabla ya GTO, kampuni ya Oldsmobile ilitoa gari liitwalo Jetfire, lenye injini ya alumini ya lita 3.5, silinda nane, na turbo. Lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo. Lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na joto hufanya injini igonge. Ili kuituliza, wahandisi waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, ambayo yalidungwa ndani ya injini ilipokazwa. Wenye magari wengi walisahau kulijaza tangi lile, au hawakuona sababu ya kufanya hivyo. Malalamiko yakazidi, na baada ya mwaka 1963 gari halikutengenezwa tena. Baadaye magari mengi ya aina hiyo yaling'olewa turbo yakafungwa kabureta ya kawaida, na wenyewe wakaona wamelitengeneza gari lao likawa bora.

Leo, katika magari yasiyofika 10,000 yaliyoundwa, yaliyobaki na turbo yao ya asili ni machache, na wapenzi wake huitafuta spea ile kama lulu.

Enzi ya misuli haikudumu. Sheria ya hewa safi ilitiwa saini siku ya mwisho ya mwaka 1970. Mwaka 1971 injini za General Motors zilipunguzwa mgandamizo ili ziweze kutumia petroli isiyo na risasi. Kampuni za bima zikapandisha ada za magari yale. Na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta. Mustang ya mwaka 1974 ilitoka bila injini ya silinda nane. Turbo ndiyo iliyorudi kuziba pengo, safari hii ikiongozwa na vifaa vya elektroniki visivyosahau kama binadamu. Mwaka 1987 Buick GNX, yenye silinda sita tu, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 276, na yaliundwa 547 peke yake. Mwaka 2015 Mustang ikaja na injini ya silinda nne, lita 2.3, yenye turbo na nguvu za farasi 310. Injini yenye nguvu kuliko zote katika Mustang ya mwaka 1965 ilikuwa na lita 4.7 na farasi 271, tena kwa vipimo vya zamani vilivyokuwa vya ukarimu.

Ford iliwahi kuiuza injini hiyo ya lita 2.3 peke yake, ndani ya sanduku, kwa mafundi wanaotaka kuifunga katika magari mengine. Kuifunga katika Mustang ya zamani si kazi ya siku mbili. Pampu ya mafuta lazima iwe ya shinikizo, nyaya zote zisukwe upya, kompyuta itafutiwe mahali pakavu, kipoza hewa kiwekwe mbele ya rejeta, na breki za ngoma zibadilishwe, maana ni hatari kumpa farasi mbio na kumnyima lijamu. Lakini kuna faida moja isiyotajwa sana. Nafasi ya injini katika Mustang ile ni nyembamba, kwa sababu ya minara ya springi iliyo pande mbili. Anayetaka kufunga injini mpya pana ya silinda nane hulazimika kuikata minara hiyo. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja hukaa katikati yake bila kuusumbua mwili.

Kinachopotea ni sauti. Ule mngurumo mzito wa silinda nane hauwezi kuigwa na nne, na kwa watu waliokuwa vijana miaka ile, sauti ndiyo gari. Sioni haki kuwacheka. Huo ni msiba wa kweli.

Hata hivyo, nikipima yote, nadhani kosa haliko katika kubadili. Kufikia Machi 1966 Mustang milioni moja zilikuwa zimekwisha kuundwa. Moja ikipewa moyo mpya, ikatembea badala ya kuozea uani, historia haijapungukiwa. Kosa liko katika kutupa. Waliozing'oa turbo za Jetfire hawakuwa wajinga wala waharibifu. Walikuwa watu wenye busara ya siku zao, wakiondoa kidude kilichowasumbua, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba siku moja kidude hicho ndicho kingekuwa gari. Sisi nasi hatuijui kesho. Basi fundi na afunge msala wake mpya, lakini mbacha aukunje auweke pembeni mwa gereji, uliopakwa mafuta na kuandikwa jina, na asikate mahali ambapo mjukuu wake hataweza kuunga.